Mzee, Dokta, Mama Fulani: Jina la Mhusika Liandikwe Vipi?

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Anayeandalia igizo vijana wa kwaya anauliza kama kwenye orodha ya wahusika aandike "Mzee Ngonyani" au "Ngonyani" peke yake. Anayeandika riwaya kwenye simu anauliza kama daktari wake aitwe "Dokta Haule" tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anataka kujua kama atakatwa maksi akiandika "Mitomingi" wa tamthilia ya Ngoswe bila "Mzee". Wengi mnaouliza mko hapa hapa Mjimwema, Msamala, Lizaboni na Bombambili, kwa hiyo mifano mingi nitaichukua kwetu Songea.

Jibu langu ni hili: jina rasmi la mhusika ni lile ambalo angelijaza mwenyewe kwenye fomu. Cheo na maneno ya heshima yaache vinywani mwa wahusika wenzake. Wapo wahusika wasiofuata kanuni hii, na nitawaeleza kwa kirefu, maana hao ndio wanaowachanganya waandishi.

Jina rasmi ni lipi hasa?

Ninaposema jina rasmi, nina maana ya jina linaloonekana mahali hapa:

- kwenye orodha ya wahusika mwanzoni mwa tamthilia;
- pembeni mwa maneno yake kila anapozungumza jukwaani;
- katika sauti ya msimulizi, pale ambapo hakuna mhusika anayesema.

Tazama kitambulisho chako cha taifa. Kina jina la kwanza, la kati na la mwisho. Baba yako anaweza kuwa anaitwa Mzee na mtaa mzima, lakini neno hilo halimo kwenye kadi yake. Hakuna aliyemvunjia heshima; kadi inataja mtu ni nani, na majirani wanaonyesha wanavyomchukulia. Hadithi nayo inazihitaji kazi hizo mbili, na zikichanganywa msomaji hupotea.

Nchi yetu yenyewe imetumia njia zote mbili. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Dar es Salaam unaitwa Julius Nyerere. Chuo kilichoko Kigamboni kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Uwanja wa mpira wa Arusha umepewa jina la Sheikh Amri Abeid, lakini kitabu alichokitoa mwenyewe mwaka 1954 kiliitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, bila Sheikh. Mji wetu nao umebeba jina la Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Alikuwa Nduna, yaani mkuu wa Kingoni aliye chini ya mtawala, na kwenye makumbusho ya Majimaji anatajwa kwa cheo hicho, lakini mji ulichukua jina lake tu. Basi usitafute sheria moja ya serikali juu ya jambo hili. Tafuta hadithi yako inahitaji nini.

Maswali matatu ya kupima

Kaa na daftari. Andika jina la mhusika pamoja na cheo chake, kisha jiulize kwa utaratibu huu:

1. *Je, cheo hiki alikuwa nacho tangu hadithi inaanza hadi inakwisha?* Kama anapandishwa, anafukuzwa, anastaafu au anashindwa uchaguzi katikati, kiondoe kwenye jina rasmi. Diwani aliyeanguka kura sura ya nne hawezi kuendelea kuitwa "Diwani Soko" na msimulizi katika sura ya tisa.
2. *Je, kila mtu anamwita hivyo, pamoja na mama yake mzazi na adui yake?* Kama kuna hata mmoja wa maana asiyemwita hivyo, cheo ni cha baadhi ya watu tu. Kiache kwao.
3. *Ukikiondoa, anabaki mtu?* Kama kinachobaki ni jina kamili, liache lisimame. Kama hakibaki kitu, au kinabaki kitu kisichotambulika, cheo kimekwisha kuwa jina, na unakiweka bila wasiwasi.

Swali la tatu ndilo kubwa, na majibu yake yako tayari kwenye vitabu vyetu.

Pale cheo kinapostahili kubaki

Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne, hivyo hivyo hadi Bi Nane. Ondoa "Bi" uone kinachobaki: tarakimu. Neno la heshima ndilo linalowafanya wawe watu, huku namba zikituonyesha kwamba mwandishi anazungumzia wanawake wote. Huwezi kuligusa.

Watoto wa Mama Ntilie, cha Emmanuel Mbogo, ambacho wengi mmekisoma sekondari, ni mfano wa aina nyingine. Mama ntilie ni kazi, na kila mtu mjini anaijua. Mwanamke huyu amezama katika kazi yake kiasi kwamba hata watoto wake wanatambulishwa kwayo kwenye jalada. Ukimpa jina la ubatizo hapo juu, umemwondolea sufuria, moshi na wateja wake.

Muhammed Said Abdulla alimtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na "Bwana" haikumtoka tena katika vitabu vilivyofuata. Sababu moja imo kwa anayemzunguka. Mara nyingi yuko na Najum, rafiki anayemwandama na kumstahi, kwa hiyo jina tunalisikia kinywani mwake pia. Linganisha na Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambao hawana cheo chochote mbele ya majina yao. Katika vitabu hivyo vya Mtobwa anayebeba cheo ni Inspekta Kombora, na hilo linatosha kutuonyesha nani yuko ndani ya jeshi la polisi na nani anafanya upelelezi kwa namna yake.

Adam Shafi naye, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, amemwita mwenye shamba "Mwinyi" na mtumishi wake "Kijakazi". Majina yote mawili ni ya hadhi, moja la juu kabisa na lingine la chini kabisa. Hapo cheo ndicho kisa chenyewe: watu wamegeuzwa kuwa nafasi zao. Na Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea, ametupa ndugu wawili, Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu. Mmoja amepewa utawala na mwenzake elimu, na kila jina linapotajwa msomaji anaupima utawala na elimu hiyo kwa matendo ya mwenyewe.

Hapa kwetu kuna mfano mwingine. Masista na watawa wa maeneo kama Chipole na Peramiho. Katika mashirika mengi, anayeweka nadhiri hupewa jina jipya la kitawa. "Sista" na jina hilo jipya vimekuja pamoja, na jina la zamani limebaki kijijini. Ukiandika mhusika wa namna hiyo, "Sista" ibaki kwenye jina rasmi, isipokuwa kama hadithi yako inahusu msichana aliyekuwa kabla ya nadhiri. Hapo utakuwa na majina mawili ya mtu mmoja, na itakubidi uonyeshe waziwazi ukurasa ambao moja linakoma na jingine linaanza.

Nani anamwita nani

Hii ndiyo sehemu ninayowaomba mkae nayo kuliko zote, kwa sababu heshima yote mnayoogopa kuipoteza mtaikuta hapa.

Tuseme una mhusika mwanamke, muuguzi mstaafu, anaishi Mjimwema. Kabla hujaandika mstari hata mmoja, mtengenezee ukurasa kama huu:

- Jina rasmi: Tekla Nyoni
- Majirani na mumewe: Mama Osmunda
- Wagonjwa wa zamani: Nesi
- Watoto wa kaka yake: Shangazi
- Wanajumuiya: Mama Mwenyekiti
- Vijana wa bodaboda: Bi mkubwa
- Dada yake mkubwa: Tekla

Sasa unayo heshima ya aina sita, na kila moja ina mwenyewe. Ukiandika "Mama Mwenyekiti" kwenye orodha ya wahusika na kila mahali, umezitupa tano. Mbaya zaidi, siku jumuiya inapomnyang'anya uenyekiti, hutakuwa na neno la kubadilisha.

Angalia jinsi jina tupu linavyofanya kazi likiachwa huru:

OSMUNDA: Mama, dokta anakuita.
TEKLA: Dokta gani?
OSMUNDA: Dokta Haule.
TEKLA: Haule nilimwogesha mimi siku aliyozaliwa. Mwambie aje yeye.

Mstari wa mwisho una nguvu kwa sababu Tekla amekivua cheo mbele ya binti yake. Msomaji anajua papo hapo nani mkubwa, nani ana deni kwa nani, na kwamba kuna ugomvi unakuja. Kama msimulizi naye amekuwa akisema "Dokta Haule aliingia, Dokta Haule aliketi", basi ameshachukua upande wa Haule kabla ya Tekla kufungua mdomo. Msimulizi aseme "Haule aliingia". Osmunda aseme "dokta". Tekla aseme atakavyo.

Fuateni hatua hizi kwa kila mhusika mkuu:

1. Andika jina rasmi juu ya ukurasa.
2. Chini yake andika kila mhusika anayekutana naye na neno analomwitia.
3. Weka alama pale ambapo neno hilo litabadilika, na kwa sababu gani: hasira, msiba, mapenzi, cheo kipya.
4. Usiruhusu neno kubadilika pasipo alama. Mke aliyekuwa anasema "Baba Kastory" hawezi kusema "wewe Ngonyani" bila jambo kubwa kutokea ndani ya nyumba.

Makosa ninayoyakuta kwenye miswada

*Mhusika mmoja kugeuka watatu.* Ukurasa wa kwanza pembeni pameandikwa DKT. HAULE, wa tano DAKTARI, wa tisa HAULE. Vijana wakikaa kugawana sehemu za kuigiza, wanatafuta waigizaji watatu. Chagua moja, ulishikilie hadi mwisho.

*Kupanga vyeo kama foleni.* "Mheshimiwa Mzee Dokta Mapunda." Katika mazungumzo inaruhusiwa, hasa kwa mshereheshaji wa harusi au mtu anayejipendekeza. Katika orodha ya wahusika inachosha.

*"Mama Fulani" kabla ya huyo Fulani kuzaliwa.* Hili hutokea mara nyingi sana. Hadithi inarudi nyuma hadi usichana wake, na mwandishi bado anamwita Mama Osmunda wakati Osmunda hayupo duniani. Edwin Semzaba katika Ngoswe anaye Mama Mazoea, na jina linakaa vizuri kwa sababu Mazoea yupo, ni binti mkubwa, na kisa kinamzunguka yeye. Kama kisa chako kinamzunguka mama mwenyewe na maisha yake yote, mpe jina lake.

*Kuchanganya madaktari.* Kwenye vituo vyetu vya afya mgonjwa humwita dokta karibu kila aliyevaa koti jeupe, awe daktari, tabibu au muuguzi. Chuo kikuu nako dokta ni mwenye shahada ya uzamivu. Kwenye orodha andika kazi yenyewe: "HAULE, tabibu wa zahanati." Ndani ya mazungumzo wagonjwa waendelee kusema dokta.

*Hayati na Marehemu.* Usiviweke kamwe kwenye jina rasmi, hata kama mhusika anatajwa tu. Umeshamfichulia msomaji kifo.

*Herufi kubwa.* Mzee Ngonyani, herufi kubwa, kwa kuwa neno limeshikamana na jina. "Yule mzee alisimama", herufi ndogo.

Cheo kiendane na zama

Hadithi ya mwaka 1975 yenye mwenyekiti wa kijiji anayeitwa "Mheshimiwa" na wanakijiji wenzake itamkwaza kila aliyeishi miaka ile. Neno la wakati huo lilikuwa "Ndugu", kwa mkubwa na mdogo. Mheshimiwa mtumie kwa wabunge na viongozi wa miaka ya karibuni, ambako imekuwa desturi.

Mnaoandika juu ya vita vya Majimaji mna mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu vyeo vya Kingoni si mapambo. Nkosi ni mtawala. Nduna ni mkuu aliye chini yake. Mputa Gama alikuwa Nkosi, Songea Mbano alikuwa Nduna, na kuwabadilishia ni kuandika historia nyingine. Kwa watu hawa wa kweli, weka cheo angalau mara ya kwanza wanapotajwa na kwenye orodha ya wahusika, kwa kuwa wasomaji wa leo wasiotoka Ruvuma hawajui nani alikuwa chini ya nani. Baada ya hapo jina peke yake linatosha. Ebrahim Hussein aliita tamthilia yake ya mwaka 1969 Kinjeketile, neno moja tu, na hakuna aliyemwona amepungukiwa.

Mnayobisha

*"Ni kukosa adabu kumwandika mzee kwa jina tupu."* Nalielewa hili kuliko mengine yote, maana mtoto wa Kingoni hamtaji mtu mzima hivi hivi. Lakini anayetaja jina kwenye orodha ya wahusika si mtoto wa mtu, wala si wewe unayekutana na mzee huyo njiani. Ni karatasi. Adabu ya mwandishi itaonekana kwa jinsi anavyompa mzee huyo maneno yenye akili na saa ya kusikilizwa. Nimesoma miswada ambayo "Mzee" imetajwa kila mstari na mzee mwenyewe hana la kusema ila kukohoa na kuomba ugoro. Hiyo ndiyo dharau.

*"Bila cheo wasomaji watasahau kuwa ni polisi."* Mpe kazi ya polisi mbele ya macho yetu. Aandike maelezo kituoni, aazime kalamu, aulize jina la baba. Baada ya hapo hawatasahau.

*"Lakini mbona Semzaba ameandika Mzee Mitomingi?"* Kwa sababu Mitomingi ni jina la sifa, na katika kijiji kile huyo ndiye mwenye mji, mwenye kauli. Ngoswe ni karani mgeni kutoka serikalini, na anamkuta mwenyeji aliyekwisha kuitwa hivyo. Uzee na heshima ya Mitomingi mbele ya kijana wa kuhesabu watu vina uzito katika mchezo. Anapita swali la pili na la tatu. Nanyi wanafunzi, kwenye mtihani fuateni jina kama mwandishi alivyoliandika kwenye orodha yake. Kazi yenu pale ni kuonyesha mmekisoma kitabu.

*"Na jina la kisanii?"* Bi Kidude alizaliwa Fatuma binti Baraka. Kama mhusika wako ni msanii anayejulikana kwa jina la jukwaani lenye "Bi", "Mzee" au "King", jina hilo ni chapa yake, litumie zima. Jina la kuzaliwa litoe siku anapopelekwa hospitali au mahakamani, ambako karani atalidai.

Tahadhari ya mji mdogo

Songea si Dar es Salaam. Majina ya ukoo tunayoyatumia, Gama, Komba, Nyoni, Mapunda, Haule, Ndunguru, ni ya maelfu ya watu. Jina la ukoo peke yake halimuumizi mtu. Cheo peke yake hakimuumizi mtu. Lakini jina la ukoo, cheo na mahali vikikaa pamoja, "Mwalimu Mkuu Komba wa Mjimwema", umemnyooshea mtu kidole, awe yupo au atakuja kuteuliwa mwakani. Kama mhusika huyo ni mla rushwa au mzinzi, umejitafutia ugomvi ambao hadithi yako haiuhitaji.

Kwa hiyo, katika hivyo vitatu, badilisha angalau kimoja. Njia rahisi ni kutunga kata isiyokuwepo. Njia nyingine ni kutumia jina la kwanza pekee na kuacha ukoo. Na kabla ya igizo kuchezwa hadharani, mpe orodha ya majina mtu mzima anayewajua watu wa mtaa aipitie. Mara nyingi ataona jina moja ambalo wewe hukulifikiria.

Mswada umeshakamilika, nifanyeje?

Usianze kufuta. Fuata mpango huu:

1. Hifadhi nakala nyingine ya mswada wote, uipe jina tofauti.
2. Chukua wahusika watatu wenye vyeo, si wote kwa mpigo, uwapitishe kwenye yale maswali matatu.
3. Kwa kila aliyeanguka, badilisha kwanza orodha ya wahusika, kisha majina ya pembeni, kisha sauti ya msimulizi. Mazungumzo yaache kama yalivyo.
4. Soma kwa sauti kurasa zenye mazungumzo tu, mbele ya mtu mmoja au wawili. Wakikatiza kuuliza "huyo ni nani tena?", weka alama hapo.

Kwenye simu na kompyuta kuna amri ya kubadilisha neno popote lilipo kwa mara moja. Usiitumie kwa kazi hii. Ukiiambia iondoe "Dokta" mbele ya Haule, itaiondoa pia kinywani mwa Osmunda, na Tekla atakapouliza "Dokta gani?", binti atajibu "Haule" tu, na mama hatakuwa na cheo cha kuvua.